Mawifi na Kura ya Mazoezi

Rubiela Cardona alipomzika mama yake alikuwa na miaka hamsini na tatu, mgongo uliokuwa ukimuuma tangu kiunoni hadi kisogoni, na kilo kumi na nne ambazo hakuwa nazo siku mama alipoanza kuugua. Kwa miaka sita alimwinua, akamgeuza, akamwogesha, akamlisha. Yeye mwenyewe alikula akiwa wima jikoni: mabaki ya sahani ya mgonjwa, arepa mbili za siagi, vile vimkate vya mahindi, kisha viazi vilivyobaki kwenye sufuria maana hakutaka kuvitupa. Mama alipoondoka, kitanda kilirudishwa hospitali, na Rubiela akabaki na mikono isiyo na kazi na mwili ambao ni kama alikuwa ameazimwa na mtu mwingine.

Daktari wa zahanati alimwambia sukari yake inapanda na ini limeanza kujaa mafuta.

"Fanya mazoezi, mama."

"Mazoezi gani?"

"Yoyote," daktari alisema, huku jicho lake likiwa tayari kwenye faili la mgonjwa anayefuata.

Neno hilo, yoyote, lilimkera Rubiela wiki nzima. Alipomsimulia wifi yake Nohemí, naye hakulipenda. Nohemí alikuwa dada wa Gildardo, mume wa Rubiela. Alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini, na tangu astaafu alikuwa na tabia ya kusoma kila tangazo lililobandikwa ukutani, hata la mbwa aliyepotea. Siku mbili baadaye alipanda ngazi za nyumba ya kaka yake akiwa na karatasi mkononi, ameikunja mara nne.

"Soma hii. Chuo kikuu kinatafuta wanawake wa umri wetu, wasiofanya mazoezi, wenye vitambi."

"Wameandika vitambi?"

"Wameandika kwa adabu. Maana yake vitambi."

Tangazo lilisema mwanafunzi wa shahada ya uzamili, mtaalamu wa tiba ya viungo, alitaka kujua kipi kinapunguza mafuta na kujenga misuli zaidi: Pilates, mazoezi ya taratibu ya kulala mkekani, au aerobiki, ya kuruka na kukimbia. Wiki kumi na sita, mara tatu kwa wiki. Mawifi hao walikuwa wametaniana kwa miaka thelathini juu ya mapishi, juu ya watoto, juu ya nani alimharibu Gildardo kwa kumdekeza. Haikuwa ajabu kwamba walikwenda kujiandikisha pamoja, kila mmoja akiwa na hakika kwamba atamshinda mwenzake.

Mtafiti aliitwa Yesenia Ocampo. Alikuwa na miaka ishirini na saba, sauti ndogo, na daftari lenye kurasa zilizochorwa mistari kwa rula. Aliwapima wanawake arobaini mmoja mmoja. Aliwazungushia tepu kiunoni, akawapandisha pekupeku kwenye mzani wenye vishikio vya chuma, ule unaopitisha umeme mdogo mwilini na kusema mafuta ni kiasi gani na misuli ni kiasi gani. Baadaye akawagawia bahasha zilizofungwa. Kompyuta ndiyo iliyopiga kura.

Rubiela aliomba kimoyomoyo apate aerobiki. Ujanani alicheza mpaka viatu vikachanika, na alitaka kuruka, kutokwa jasho, kuona kitu kinayeyuka. Nohemí aliomba Pilates, kwa sababu kwake kutokwa jasho mbele za watu kulikuwa sawa na kuvua nguo.

Walifungua bahasha. Rubiela alipata mkeka. Nohemí alipata kuruka.

"Mwalimu," Rubiela alisema, "hatuwezi kubadilishana? Sisi ni ndugu."

"Hapana, mama."

"Bahasha tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," Yesenia alisema. Aliona nyuso zao zimeshuka, akaketi nao kwenye benchi. "Kila mtu akichagua anachopenda, mwisho wa yote nitakuwa nimepima mapenzi yenu. Mimi nataka kupima mazoezi. Ndiyo maana pia nawaomba mambo mawili. Msiongeze zoezi jingine lolote. Na msibadilishe chakula. Kuleni kama mnavyokula siku zote."

Wote wawili walitia sahihi. Nohemí alisoma karatasi mara mbili, kwa mazoea ya kazi yake ya zamani.

Kundi la mkeka lilikutana ghorofa ya pili, kwenye chumba chenye madirisha marefu ambamo asubuhi ukungu ulipita karibu kama mtu anayechungulia. Walilala chali. Walikunja magoti. Yesenia alipita katikati yao akisema kwa ile sauti yake ndogo: vuta kitovu ndani, kiende kwenye uti wa mgongo, usibane pumzi, inua kiuno pingili moja moja. Rubiela alitafuta misuli aliyoambiwa aivute, asiione. Aliishia kukunja uso. Nusu saa nzima walifanya mambo ambayo mtu akiangalia kwa mbali angedhani wanawake ishirini wamechoka wakajilaza.

"Nikisema mmelala, nimekosea?" Nohemí alimuuliza Jumapili ya pili, walipokuwa wakila maharage na ngozi ya nguruwe nyumbani kwa Rubiela.

"Tunalala kwa utaalamu."

"Sisi juzi mwalimu alituzungusha uwanjani dakika arobaini. Mapigo ya moyo mia na thelathini. Niliona nyota."

"Ulitokwa jasho?"

"Usiniulize." Nohemí alijifuta midomo kwa leso. "Mpaka masikioni."

Gildardo, aliyekuwa fundi wa vibanda vinavyoning'inia kwenye nyaya na kuvusha watu juu ya bonde, alicheka mpaka akakohoa. Alisema tangu azaliwe hajawahi kumwona dada yake anakimbia, hata nyumba yao ya zamani ilipotikiswa na tetemeko.

Wiki ya sita ulikuja upimaji wa kwanza. Nohemí alikuwa amepungua kilo mbili na gramu mia nane. Sketi ilizunguka kiunoni mwake na zipu ikaja mbele. Rubiela alikuwa amepungua gramu mia tatu.

"Ni glasi ya maji hiyo," alisema.

"Mama, angalia hapa," Yesenia alimwonyesha kidole kwenye daftari. "Kiuno kimepungua sentimita moja na nusu. Misuli imeongezeka kidogo. Kwenye mkeka mzani huwa mgumu kusema, lakini..."

Rubiela hakusikia yaliyofuata. Macho yake yalikuwa dirishani, ambako kule chini uwanjani kundi jingine lilikuwa likizunguka kwa mwendo wa haraka, na Nohemí yumo, amenyoosha shingo kama jogoo.

Ilikuwa Jumapili iliyofuata ndipo alipofanya alichofanya. Kila Jumapili asubuhi barabara kuu ilifungwa magari yasipite, watu wakatoka na baiskeli, mbwa na vitoto, na kwenye bustani ya juu halmashauri iliweka jukwaa, spika mbili, na mwalimu wa kuchezesha umati. Rubiela alimwambia mumewe anakwenda misa ya saa mbili. Alivaa kofia ya kazini ya Gildardo, akaishusha mpaka kwenye nyusi, akasimama safu ya mwisho, nyuma ya mwanamke mpana.

Muziki ulipoanza, miguu ilikumbuka. Hakuwa amecheza tangu mama alipoanguka bafuni kwa mara ya kwanza. Alirusha mikono, akageuka kushoto watu walipogeuka kulia, akacheka peke yake. Katikati ya wimbo wa tatu aligundua kwamba analia, na kwamba hakuna anayemtazama, kwa hiyo aliendelea na vyote viwili. Alirudi nyumbani fulana imemganda mgongoni, akamwambia Gildardo kanisani palikuwa na joto.

Alikwenda Jumapili iliyofuata, na iliyofuata tena. Akagundua kwamba Jumatano jioni pia kuna darasa karibu na soko. Jumatatu, Jumanne na Ijumaa alilala mkekani kama alivyoagizwa, na akajiambia kwamba haibi kitu cha mtu.

Wiki ya kumi na mbili alipanda tena mzani. Alikuwa amepungua kilo mbili na gramu mia tano, na karibu zote ni mafuta. Yesenia aliangalia namba, akaangalia ya mwanzo, akamwomba apande mara ya pili ili ahakikishe.

"Mama Rubiela," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Wewe ndiye wa kwanza kwenye kundi la mkeka. Profesa wangu ananiambia kila siku kwamba Pilates ni nzuri kwa mgongo, lakini mafuta haiyagusi. Wiki hii ninamtumia mstari wako."

"Mstari wangu?"

"Si kwa jina. Wewe ni namba kumi na saba."

Rubiela alishuka kwenye mzani, akachelewa sana kuvaa soksi.

Siku ya tatu baada ya upimaji, saa tano asubuhi, Nohemí alikuja kumtembelea. Rubiela alimsikia anapanda ngazi, ngazi thelathini na nane za zege kama nyumba nyingi za mtaa ule wa mteremko, kisha hatua zikakoma katikati. Alipotoka alimkuta wifi yake ameketi kwenye ngazi, kichwa ukutani, uso umekuwa na rangi ya unga wa mahindi.

"Sijaanguka," Nohemí alisema. "Nimekaa tu."

Rubiela alimshika kwapani akamwinua. Mkono ulikwenda wenyewe mahali panapostahili, kama alivyokuwa akimwinua mama, ila safari hii mgongo haukulia. Alimkalisha jikoni, akampa supu ya kuku na ndizi, akaketi mbele yake kuhakikisha anakula.

"Umekula nini tangu asubuhi?"

"Kahawa."

"Na jana?"

Nohemí alizungusha kijiko. "Wifi, usiniangalie hivyo. Tangu wiki ya pili sili cha jioni. Biskuti moja ya chumvi na kahawa. Nilitaka nikushinde, basi. Halafu nikaona sketi inalegea, nikashindwa kuacha." Alinywa kijiko kimoja. "Juzi Yesenia alinionyesha namba zangu. Mafuta yamepungua, lakini na misuli imekwenda nayo. Aliniuliza kama nakula vizuri. Nikamwambia nakula kama siku zote. Mimi, niliyewaapisha watu miaka thelathini."

Rubiela aliinuka, akapunguza moto wa jiko uliokuwa mdogo tayari.

"Na mimi nakwenda kucheza bustanini," alisema akiwa amempa mgongo. "Kila Jumapili. Na Jumatano sokoni."

Nohemí aliweka kijiko mezani.

"Kwa hiyo misa ya saa mbili..."

"Sijaiona tangu Machi."

Nohemí alianza kucheka, kwanza kwa pua, kisha mabega yote. Rubiela naye akacheka. Walicheka mpaka supu ikapoa.

"Wiki nne zimebaki," Nohemí alisema mwishowe. "Wewe umeongeza, mimi nimepunguza. Labda tunafutana. Tukae kimya tumalize."

Rubiela alifikiri juu ya jambo hilo. Halikuwa jambo la kukataliwa haraka. Hakuna aliyekufa. Yule binti alikuwa na furaha na mstari wake. Lakini kilichomkera siku tatu hizo hakikuwa hofu ya kukamatwa.

"Unakumbuka daktari aliniambia fanya yoyote?" alisema. "Alisema hivyo kwa sababu hajui. Na hajui kwa sababu hakuna aliyemwambia. Sasa huyu binti ataandika kwamba mwanamke wa miaka hamsini na tatu amelala mkekani akapunguza kilo mbili na nusu. Kuna mwanamke mwingine huko, mgongo umeharibika kama wangu kwa kubeba mgonjwa, ataambiwa hivyo. Atalala mkekani wiki kumi na mbili, hatapungua. Atadhani kosa ni lake."

Nohemí alisukuma bakuli pembeni. "Ungekuwa shahidi mzuri," alisema. "Ninakuchukia kidogo."

Walikwenda pamoja Ijumaa, kabla ya darasa. Rubiela alianza, kwa kuwa la kwake lilikuwa kubwa zaidi. Yesenia alisikiliza amesimama, daftari kifuani. Nohemí alipomaliza la kwake, binti aliketi. Hakuwa na hasira, na Rubiela angependa zaidi awe nayo.

"Nimeshamtumia profesa," alisema.

"Samahani, mwanangu," Rubiela alisema. Ndiyo mara ya kwanza alimwita hivyo.

"Jumapili ngapi?"

"Sita."

"Jumatano?"

"Tano. Hapana, nne. Moja ilinyesha mvua."

Yesenia aliandika. Alimuuliza Nohemí kuhusu chakula, siku kwa siku, akaandika pia.

"Unatufuta?" Nohemí aliuliza.

"Hapana. Nikifuta kila asiyetii, nitabaki na watu watano watakatifu, na matokeo yao hayatamsaidia mtu yeyote. Mnabaki kwenye makundi mliyopangiwa na kura, na ninaandika mlichofanya." Aligeuka kwa Rubiela. "Lakini niambie. Kwa nini?"

"Nilidhani mkeka haunifanyii kitu."

Yesenia alifunua kurasa nyuma mpaka siku ya kwanza kabisa. "Keti chini, mama. Sakafuni. Sasa inuka bila kushika kitu."

Rubiela aliketi, akakunja mguu, akainuka. Ilikuwa kazi ndogo kiasi kwamba hakuelewa anaulizwa nini.

"Siku ile ulishika kiti, kisha ukashika mkono wangu, kisha ukaomba tuache," Yesenia alisema. "Nimeandika hapa. Huko kuinuka hukukupata bustanini. Kule umepunguza mafuta, sawa, siwezi kukubishia. Lakini ulikuwa unatazama mzani tu, ukadhani mzani ndio mwili mzima."

Rubiela alikumbuka ngazi, na uzito wa Nohemí mikononi mwake, na mgongo ulivyonyamaza.

Jambo ambalo hakuna kati yao aliyelitazamia lilitokea wiki hiyohiyo. Yesenia aliwakusanya wanawake wote, makundi yote mawili, akawaambia kwamba hatamlaumu mtu, lakini anataka kila mmoja aandike kwa ukweli alichokula na alichofanya nje ya darasa. Hakutaja majina. Rubiela ndiye aliyenyoosha mkono akasema, "Mimi nilikwenda kucheza." Nohemí, masikio yamemwiva, akasema, "Mimi nilijinyima chakula." Mwanamke mmoja safu ya mbele akasema yeye anakunywa dawa ya majani aliyouziwa na jirani. Mwingine alikuwa amenunua baiskeli. Waliokiri walikuwa kumi na mmoja kwa jumla. Mmoja alilia kwa sababu hakuwa amehudhuria nusu ya vipindi na dada yake ndiye aliyekuwa akimsainia.

Yesenia alitetea utafiti wake mwezi wa tisa, katika ukumbi mdogo, mbele ya maprofesa watatu. Rubiela na Nohemí waliketi nyuma, wamevaa nguo za misa. Binti alionyesha michoro. Kundi la kuruka, kwa wastani, lilipunguza mafuta kilo moja na robo zaidi kuliko la mkeka. Kundi la mkeka lilipunguza kiuno kidogo, likapata nguvu nyingi zaidi mgongoni na tumboni. Kwenye misuli tofauti ilikuwa ndogo, na yeye, alisema, hawezi kuiapia kwa wanawake waliobaki thelathini na sita.

Profesa mmoja mwenye miwani aliinua kalamu. "Namba kumi na saba," alisema. "Yuko mbali na kundi lake. Ungemwondoa, picha ingekuwa safi zaidi."

"Ingekuwa safi, profesa, lakini isingekuwa ya kweli," Yesenia alisema. "Namba kumi na saba aliongeza dansi ya barabarani na akaja kuniambia mwenyewe. Kama asingesema, nisingewauliza wengine, na ningewaletea hapa namba nzuri za uongo. Ukurasa wa hamsini na moja unaeleza. Nadhani ndio ukurasa wenye manufaa zaidi kwenye kazi hii."

Rubiela alitazama magoti yake. Nohemí alimfinya mkono na hakumtania.

Yesenia alifaulu, kwa sharti la kurekebisha sura moja. Mwaka uliofuata alianza darasa katika ukumbi wa mtaa, Jumanne na Alhamisi, mikeka kumi na minne. Aliwaomba mawifi waingie kwenye utafiti mpya, mkubwa zaidi, na wote wawili wakakataa, Nohemí kwa maandishi. Lakini darasani walikuja. Jumapili walikwenda bustanini, sasa bila kofia, na Gildardo akiwasindikiza akiwa na chupa ya maji na maoni yake.

Rubiela hakurudi alivyokuwa ujanani. Kilo tano zilikwenda, tisa zikabaki naye, na sukari ikashuka mpaka mahali ambapo daktari aliridhika. Siku hiyo alimwambia daktari, pole pole, ili asikike: akija mwanamke mwenye mgongo mbovu na mafuta kwenye ini, usimwambie fanya yoyote. Mwambie yote mawili, na mwambie lipi linafanya nini. Daktari alitafuta kalamu.

Jumanne ya kwanza ya darasa la Yesenia, Nohemí alilala mkekani kando yake, amejikaza kama ubao, macho darini.

"Hii misuli anayosema iko wapi?" alinong'ona.

"Chini ya kitovu. Mimi ilinichukua wiki tano kuipata."

"Wiki tano," Nohemí alisema. "Na nikiikosa?"

"Utaipata. Usikunje uso, wifi, haiko usoni."